Usimdai Fundi wa Programu Bei ya Mkungu wa Ndizi

Mchuuzi wa ndizi katika soko la Gakoromone hahitaji mizani. Mkungu ukishushwa kutoka kwenye pikapu, jicho lake huhesabu vichane, hupima unene wa kidole kimoja, na kabla dereva hajajifuta jasho bei imeshatajwa. Ni nadra akosee kwa kiasi cha kujutia. Ujuzi huo ni wa kuheshimiwa, na mji wa Meru usingekuwa ulivyo bila watu wenye jicho la namna hiyo. Lakini umezaa imani moja ninayotaka kuipinga: kwamba kila anayeijua kazi yake anapaswa kukutajia bei na tarehe ya kumaliza palepale unapomuuliza, na anayesitasita ama ni mwanagenzi ama ni tapeli. Imani hiyo imetoka vibandani ikaingia ofisini. Chama cha ushirika wa maziwa kinachotaka mfumo wa kuwalipa wafugaji, shule inayotaka programu ya karo, sacco, zahanati, hata serikali ya kaunti, utaratibu ni uleule. Mafundi watatu wa programu wanaitwa, wanapewa maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, bei tatu zinaletwa, na kazi inakwenda kwa aliyetaja ndogo. Tarehe inapita, pesa zinaisha, programu inakwama nusu. Halafu mkutano mkuu unaambiwa kwamba vijana wa kompyuta si waaminifu.

Ninaloshikilia ni hili: kosa halikutokea siku tarehe ilipopita. Lilitokea siku bei ilipotajwa, na lilifanywa na aliyeitaja pamoja na aliyeidai. Bei moja, ya shilingi kamili, ya programu ambayo haijawahi kutengenezwa na ambayo hakuna aliyeichunguza, ni namba iliyotungwa ili kumnyamazisha muulizaji. Kumwadhibu mtu kwa kuwa namba hiyo haikutimia ni kumshtaki mganga kwa ramli uliyomlipa apige.

Turudi kwenye mkungu. Muuza ndizi anajua bei kwa sababu ameona maelfu ya mikungu, na wa leo unafanana na wa jana. Sasa jiulize ni lini mtu huhitaji programu ya kutengenezewa. Ni pale tu zilizopo zinapomshinda. Na programu ina tabia moja ambayo ndizi haina, koti halina, wala nyumba haina: nakala yake ya pili haigharimu karibu chochote. Nyumba ya pili iliyo sawa na ya kwanza itakula mawe na saruji ileile. Nakala ya pili ya programu ni suala la dakika chache. Kwa hiyo kila kilichokwisha kutengenezwa mara nyingi kiasi cha kujulikana bei yake hakitengenezwi tena. Kinanunuliwa, kama koti la mtumba linavyotundikwa sokoni likiwa na bei yake kwa kuwa lipo, limeonekana, na mikono yake unaweza kuijaribu. Kinachobaki kwa fundi ni kile tu ambacho hakijawahi kufanywa kwa namna unayoitaka wewe. Anayedai uhakika wa bei katika kazi hiyo anaudai mahali pekee ambapo, kwa maumbile ya kazi yenyewe, hauwezi kupatikana. Kama uhakika ndio anaoupenda kuliko yote, dawa yake ipo: anunue programu iliyo tayari na abadilishe taratibu zake zilingane nayo. Taasisi nyingi ndogo zingefanya vyema kufuata njia hiyo. Ila mtu hawezi kutaka suti ya kushonewa kwa bei na haraka ya mtumba.

Kuna pia suala la kipimo. Viazi vya Kibirichia na Timau vinaonekana, vinashikika, vinawekwa kwenye mizani. Hata hivyo ilibidi serikali itunge kanuni mwaka 2019 kusema kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, na baada ya kanuni hiyo wakulima na madalali wameendelea kuvutana juu ya magunia yaliyoshonewa kilemba. Ikiwa kitu kinachobebwa mgongoni kimehitaji sheria ili watu wakubaliane ukubwa wake, programu tuipime kwa kipimo gani? Wateja wengi huhesabu kurasa zinazoonekana kwenye skrini. Ukurasa wa kuingiza nambari ya siri na ukurasa wa kugawa gawio la mwaka kwa wanachama waliojiunga miezi tofauti, wengine wakiwa na mikopo ambayo haijaisha, huonekana sawa kwenye simu. Mmoja ni kazi ya asubuhi moja. Mwingine unaweza kumla fundi mwezi mzima. Mafundi nao wamewahi kuhesabu mistari ya msimbo, kipimo kinachomtuza mwenye maneno mengi na kumwadhibu aliyefikiri vizuri akaandika machache.

Chukua mfano ambao kila anayeingia Gakoromone anauelewa: ushuru wa soko. Tuseme kaunti fulani inataka programu ya kuukusanya kwa simu. Maelezo yake yanatosha katika sentensi moja: mchuuzi analipa, mkusanyaji anatoa risiti, pesa zinaingia kwenye akaunti ya kaunti. Fundi anayeisikia sentensi hiyo atasema wiki 6, na hatakuwa anadanganya; ndivyo sentensi inavyosikika. Sasa ifuate shilingi moja tu. Mama amelipa asubuhi akiwa upande wa mboga, saa 8 mchana amehamia upande wa pili kufuata kivuli, na huko mkusanyaji ni mwingine: atajuaje kwamba ameshalipa? Kibanda ni cha ndugu wawili wanaopokezana: ni mlipaji mmoja au wawili? Lori la kabichi limeingia alfajiri kabla wakusanyaji hawajafika: ushuru uhesabiwe kwa lori, kwa gunia, au kwa wenye mali watano waliochangiana nauli? Mtandao umepotea saa nzima na watu 40 wamelipa ndani ya saa hiyo. Simu ya mkusanyaji itunze kumbukumbu, sawa, na ikiibwa kabla mtandao haujarudi? Pesa za M-Pesa zimekuja kwa jina la mume. Mtu amebonyeza mara mbili akalipa mara mbili: nani ana mamlaka ya kumrudishia, na mkaguzi wa hesabu atauonaje urejeshaji huo? Aliyelipia mwezi mzima akihama wiki ya pili? Bunge la kaunti likibadilisha viwango katikati ya mwaka, madeni ya nyuma yahesabiwe kwa kiwango kipi?

Kila swali kati ya hayo ni sera kwanza, msimbo baadaye. Fundi hana uwezo wa kuyajibu. Yanajibiwa na afisa wa mapato, mwanasheria wa kaunti na, kama kuna busara, wachuuzi wenyewe. Na wote hao huenda hawajawahi kuyajibu, kwa sababu karatasi na kalamu ziliwaruhusu kuamua kila kisa kwa hisani. Mkusanyaji mwenye kitabu cha risiti alimtazama mama usoni, akamkumbuka, akapita. Kompyuta haimkumbuki mtu usoni, inataka kuambiwa. Sehemu kubwa ya muda wa kutengeneza programu ni muda wa taasisi kugundua kwamba haijui inavyofanya kazi, na hakuna awezaye kukuambia mapema ni mambo mangapi yasiyojulikana yatakayokutwa njiani. Yangekuwa yanahesabika, yangekuwa yanajulikana.

Hayo ni ya ndani. Ya nje hayamwulizi mtu. Mtazame fundi aliyekubali, mwanzoni mwa 2023, kuitengenezea shule ya kibinafsi ya Embu au Chuka programu ya mishahara kwa bei moja. Februari mwaka huo viwango vipya vya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, vikaanza kutumika, na mchango ambao kwa miaka mingi ulikuwa shilingi 200 ukawa asilimia ya mshahara yenye madaraja mawili, mipaka ya madaraja hayo ikipanda kila Februari. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Novemba Mahakama Kuu ikasema tozo hiyo inakiuka Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuongeza muda wa kuendelea kuikata. Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ikatiwa saini na makato yakarudi. Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya taifa, ikazikwa, na mahali pa jedwali lake la viwango pakaingia asilimia 2.75 ya mshahara mzima. Mwisho wa Desemba mwaka huohuo sheria ya kodi ikabadilishwa tena, tozo ya nyumba na mchango wa afya vikawa vinatolewa kabla ya kodi kukokotolewa, na nafuu za awali zikafutwa. Hiyo ni miaka miwili, kwa programu ambayo kila mtu angeiita ya kawaida kabisa. Anayeuza dukani hakusalimika: ushuru wa VAT ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020 na kurudi 16 Januari 2021, kisha ikaja eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, ambayo tangu Januari 2024 imefanya gharama isiyo na ankara yake isihesabiwe kwenye kodi. Ni fundi gani alipaswa kuyaona yote hayo kwenye jani la chai? Na kama hakuyaona, nani anapaswa kuyalipia? Mkataba wa bei moja hujibu: fundi. Fundi naye hujibu kwa kubadilisha nambari ya simu.

Kuna mabadiliko mengine ambayo mtu mwenye akili angeyaombea yatokee. M-Pesa, ambayo leo hakuna anayeweza kuiwaza Kenya bila hiyo, ilianza majaribio mwaka 2005 ikiwa njia ya wakopaji wa Faulu, shirika la mikopo midogo, kulipa mikopo yao kwa simu, kwa fedha za Vodafone na za serikali ya Uingereza. Katika majaribio hayo watu wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao, jambo ambalo halikuwa kiini cha mpango. Safaricom ilipoizindua Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani, na habari za mikopo ya Faulu zilikuwa zimewekwa kando. Wazia mkataba unaosema kwamba mkandarasi atatoa kile kilichoandikwa mwaka wa kwanza, kwa bei ile, tarehe ile, wala asiongeze wala asipunguze. Angetoa mfumo mzuri wa kulipa mikopo. Angeutoa kwa wakati. Angepongezwa, na huenda leo hakuna ambaye angekumbuka jina lake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya mafundi wetu, kwamba huko kwa wenzetu wanajua kupanga. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliutupa mwaka 2005 mfumo wake wa mafaili ya kesi baada ya kuugharimia kiasi cha dola milioni 170 bila kuutumia. Uingereza ilianza mwaka 2002 mpango wa taifa wa kuzitia rekodi za hospitali kwenye kompyuta, na ikatangaza kuuvunja mwaka 2011, mabilioni ya pauni yakiwa yamekwenda. Hao hawakukosa wataalamu. Bent Flyvbjerg na Alexander Budzier walipokusanya miradi 1,471 ya kompyuta na kuyatangaza matokeo yake mwaka 2011, walikuta kwamba kwa wastani gharama ilizidi makadirio kwa asilimia 27, namba ambayo mtu angeweza kuivumilia. Balaa lilikuwa limejificha nyuma ya wastani. Mradi mmoja katika kila 6 ulizidi bajeti kwa wastani wa asilimia 200 na kuchelewa kwa karibu asilimia 70. Yaani ukiomba bei moja unacheza kamari ambayo mara nyingi inakupa hasara ya kuvumilika na mara moja moja inakufilisi, na bei moja haikuonyeshi uko upande gani. Barry Boehm, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu uchumi wa utengenezaji wa programu, alionyesha kwamba makadirio yanayotolewa mwanzoni kabisa yanaweza kukosea mara 4 kwenda juu au chini. Namba ya shilingi milioni 1 siku hiyo ina maana ya kitu kati ya 250,000 na milioni 4. Namba ya namna hiyo haistahili kupigwa muhuri.

Wala udhaifu huu haumpati fundi wa kompyuta peke yake. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo nchini Kanada waliulizwa wangemaliza lini tasnifu zao. Wakasema, kwa wastani, siku 34. Wakaulizwa tena: na kama kila kitu kikienda vibaya kadiri inavyowezekana? Wakasema siku 49. Walimaliza kwa siku 55. Mtu akitazama mpango wake mwenyewe huona njia iliyonyooka, na hata anapojilazimisha kuwaza mabaya huyawaza kwa ubahili. Kwa hiyo mteja anayemkazia macho fundi na kumwambia "lakini niambie ukweli, kabisa kabisa" hapati ukweli zaidi. Anapata matumaini yaleyale kwa sauti nzito zaidi.

Hebu tumtazame sasa anayeshinda zabuni. Wakulima wa maembe kule Mbeere wanamfahamu dalali anayenunua matunda yakiwa bado mtini. Bei yake ni ndogo, na kwa haki: yeye ndiye atakayebeba hasara ya upepo, ya nzi wa matunda na ya wezi wa usiku. Hatari ina bei, na soko linaijua. Fundi wa programu mwenye busara anayelazimishwa kutaja bei moja hufanya vivyo hivyo kwa upande wake: anaiongeza mara 2 au 3 ili ajikinge na asiyoyaona. Mteja anaiona bei hiyo, anaguna, na kuichukua ya chini. Ya chini ni ya nani? Mara nyingi ni ya yule aliyeielewa kazi kidogo kuliko wote. Mashindano ya bei moja, kwa kazi isiyochunguzwa, huwachuja walioona matatizo na kumtuza asiyeyaona. Halafu tunashangaa.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la nyumba: mjenzi ananipa bei, kwa nini huyu asinipe? Sitalipita juu juu, maana lina uzito. Lakini tazama mjenzi anaitoa wapi bei hiyo. Kuna mchoro wa msanifu, uliolipiwa. Kuna mkadiriaji majenzi, mtu mwenye shahada na leseni, anayelipwa kuhesabu kila jiwe, kila nondo na kila mfuko wa saruji kutokana na mchoro huo. Bei ya mjenzi inakuja mwisho, ugumu wa kuwaza ukiwa umeshapita na umeshalipiwa na wengine. Katika programu mchoro ukikamilika kabisa, hadi kona ya mwisho, mchoro huo ndio programu. Kuigeuza kuwa kitu kinachofanya kazi ni kazi ya mashine kwa sekunde chache. Anayedai bei ya programu kabla ya uchunguzi anamdai msanifu aseme atawaza kwa saa ngapi. Tena mteja yuleyule ambaye hakuona taabu kumlipa msanifu wa jengo atashtuka akiambiwa alipe wiki 3 za kuichunguza sacco yake. "Nilipie maswali?" Ndiyo, lipia maswali. Ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kulipia, na ndiyo pekee inayozipa bei zinazofuata maana yoyote.

Pingamizi la pili ni la woga, na silidharau, kwa kuwa woga huo umefundishwa na mambo yaliyotokea. Bila bei moja, linasema, fundi atatunyonya hadi tukauke. Swali langu ni kama bei moja iliwahi kumzuia. Aliyekadiria chini hana pa kufidia isipokuwa pale mteja haoni: hajaribu programu ipasavyo, hatengenezi nakala za akiba, haandiki maelezo ya kumsaidia fundi mwingine, anaacha mlango wa nyuma wazi, kisha anakuja na ankara za "marekebisho" mwaka mzima kwa kuwa yeye peke yake anajua kamba zilipofungwa. Hata bei inayojulikana hadi kwenye desimali haimlindi mnunuzi. Mfumo wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ulikuwa na bei yake wazi, shilingi bilioni 104.8 kwa miaka 10. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu iliyojulikana Machi 2025 ikaeleza kwamba umiliki wa mfumo huo hauko kwa serikali inayoulipia. Kinga ya mnunuzi iko kwingine: msimbo na data viwe mali yake tangu siku ya kwanza na vikae mikononi mwake, malipo yafuate kitu kinachofanya kazi mbele ya macho ya watumiaji wake, na awe na haki ya kusimamisha kazi mwezi wowote akabaki na kilichokwisha kukamilika. Mteja mwenye haki hizo tatu anaweza kunyonywa mwezi mmoja. Mteja mwenye bei moja hugundua baada ya mwaka.

Lakini bajeti? Kamati ya sacco haiwezi kusimama mbele ya wanachama na kusema "tutajua mbele ya safari". Kweli kabisa, na hapa ndipo maneno mawili yanapochanganywa kila siku. Makadirio ni habari kuhusu kazi. Bajeti ni uamuzi kuhusu mfuko wako. Mama mwenye pesa za gorogoro moja la unga hamwulizi muuza unga familia yake itashiba kwa kiasi gani. Anajua alicho nacho, anapika kinachotoshana nacho, na mboga anaipima kulingana na hapo. Kamati iseme hivi: tuna shilingi milioni 1.5, hazitaongezeka, kwa pesa hizo tunataka kwanza akiba na mikopo, kisha taarifa za kila mwezi, kisha arafa za simu, na gawio likibaki nje tutalifanyia kwenye karatasi mwaka mmoja zaidi. Pesa zimefungwa, tarehe imefungwa, kinachonyumbuka ni ukubwa wa kazi. Hilo linaweza kuahidiwa na likatimizwa. Kuyafunga yote matatu kwa pamoja hakujawahi kuwa mpango.

Upande wa serikali, watu wa ununuzi husema mikono yao imefungwa na sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, katika kifungu cha 139, hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini, na baada ya hapo nyongeza zote kwa jumla zisipite asilimia 25 ya bei ya awali. Kifungu hicho kilitungwa kwa sababu nzuri, wananchi wakiwa wameona kandarasi zikinenepa bila kikomo. Lakini kinazuia kuunenepesha mkataba mmoja. Hakimlazimishi mtu kuununua mfumo mzima kwa mkataba mmoja. Sheria hiyohiyo inakataza kuigawa kazi vipande ili kuukwepa ushindani, na inaruhusu waziwazi makubaliano ya muda ambamo kazi huagizwa kidogo kidogo kadiri mahitaji yanavyojitokeza. Afisa anayesema sheria inamkataza mara nyingi amesoma nusu yake.

Na sasa niwageukie mafundi, kwa kuwa wapo wanaoyasoma haya wakitabasamu. Kutoweza kutaja bei moja hakukupi ruhusa ya kusema "itaisha ikiisha". Huo ni uvivu uliovishwa falsafa. Yule mchuuzi wa ndizi ana kitu ambacho wengi wenu hamna: kumbukumbu. Kazi yako ya mwisho ulisema wiki ngapi, na ikachukua ngapi? Ile ya kabla yake? Kama hujaandika, huna jicho. Una mdomo tu. Anayeweka daftari la makadirio yake na matokeo yake anaweza kumwambia mteja, bila kuona haya, kwamba kazi 4 alizofanya zinazofanana kidogo na hii zilichukua kati ya miezi 3 na 8, na kwamba baada ya mwezi wa kwanza ataupunguza upana huo. Mteja atakunja uso akisikia "kati ya 3 na 8". Akunje. Upana huo ndio kiasi cha ujinga mlio nao wote wawili siku hiyo, na unapungua kwa kufanya kazi. Kubembelezana hakuupunguzi.

Kwa hiyo kaunti ile inayotaka programu ya ushuru wa soko ianze na geti moja. Wakusanyaji wawili, wachuuzi wa upande mmoja wa soko, wiki 6, pesa zisizozidi kiasi kilichoandikwa, na kitabu cha risiti za karatasi kikiendelea kutumika sambamba ili hesabu ziweze kulinganishwa kila jioni. Fundi akae pale getini alfajiri lori la kabichi linapoingia, na afisa wa mapato akae naye, kwa kuwa maswali ni yake. Mwisho wa wiki ya 6 pawe na orodha ya kila kisa ambacho sentensi ya kwanza haikukitaja, na kando ya kila kisa jina la aliyekiamua. Hapo ndipo bei ya mageti mengine iombwe, iletwe kwa kima cha chini na cha juu, pamoja na daftari linaloonyesha geti la kwanza lilikadiriwa siku ngapi na likala siku ngapi.